Uzee unasingiziwa: ni nini kinachokula pumzi za wazee wetu?

Shangazi yangu ana daftari la kliniki. Si faili. Ni daftari la kawaida la wanafunzi, lile ambalo mgonjwa hununua kwenye kioski kando ya lango kabla ya kupanga foleni, na miaka inavyokwenda linakuwa ndiyo historia yote ya mwili wake. Mwaka jana alilipeleka kwenye kituo kimoja cha afya hapa Kisumu kwa sababu hakuweza tena kutoka steji hadi nyumbani bila kusimama mara tatu, mkono mmoja ukishika ua wa watu. Akasikilizwa kifua, akapimwa presha, akapewa chupa ya dawa ya kikohozi. Aliporudi niliufungua ukurasa wa siku hiyo. Alikuwa ameeleza kuhema kwake kwa dakika nyingi, lakini sababu iliyoandikwa ilikuwa neno moja: uzee.

"Wamesema ni umri tu, mwanangu," aliniambia, na nikaona ameshakubali. Ana miaka 67.

Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno. Nimelisikia Nakuru kwa mzee aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, nimelisikia Siaya mazishini, likitolewa kama maelezo kamili ya jinsi mtu alivyoanza kwa kukohoa asubuhi akaishia kulala ameketi. Nasema kwamba likiandikwa peke yake ni kosa. Uzee huchukua sehemu yake ya pumzi, na kiasi cha sehemu hiyo kinajulikana. Kilichozidi hapo kimechukuliwa na kitu kingine chenye jina, na mara nyingi kilianza kazi kabla mwenye mapafu hajaota mvi hata moja.

Tuupe uzee haki yake kwanza. Mapafu hufikia kilele chake mtu akiwa na miaka kati ya 20 na 25 hivi, hutulia hapo kwa muda, kisha katika miaka ya thelathini huanza kushuka polepole. Kipimo kinachotumika zaidi ni kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza baada ya kujaza kifua. Kwa mtu mzima asiyevuta sigara na asiye na ugonjwa wa mapafu, kiasi hicho hupungua kwa takriban mililita 25 hadi 30 kila mwaka. Vijiko vitano au sita vya chai, basi. Hupungua kwa sababu nyuzi zinazoyavuta mapafu yanywee baada ya kujaa hulegea, kama mpira wa kiunoni wa sketi iliyofuliwa miaka mingi. Gegedu za mbavu hukakamaa, kwa hiyo kifua kinakuwa kigumu kupanua. Kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, na misuli ya mbavu hupoteza nguvu, hasa kwa mzee anayekula ugali na mboga tu siku nenda siku rudi na asiyetembea. Vijinywele vinavyofagia makohozi ndani ya mirija ya hewa hupunguza kasi, kikohozi hukosa msukumo, na mafua ambayo kijana huyamaliza kwa siku nne humgeukia mzee kuwa nimonia.

Hayo yote ni kweli. Lakini mapafu yaliumbwa na akiba kubwa. Chukua mwanamke aliyefika miaka 25 akiwa na lita 3 katika kipimo hicho. Akianza kupoteza mililita 25 kwa mwaka tangu miaka 30, atafika 70 akiwa amepoteza lita moja, na atabaki na 2. Kwa lita 2 mtu anakwenda soko la Kibuye na kurudi na kikapu, anapalilia kunde, anaimba kwaya. Huenda akahema akipanda mlima, lakini hashiki ua wa watu njiani kwenye tambarare. Anayefika huko ana jambo zaidi ya umri, na kazi ya anayemtibu ni kulitafuta.

Kuna njia mbili za kufika huko. Ya kwanza ni kuanza na lita 3 hizo hizo na kushuka kwa kasi, tuseme mililita 45 kwa mwaka badala ya 25. Ukifika 70 umebaki na lita 1.2. Ya pili ni kushuka kwa kasi ya kawaida kabisa, ila ulianzia chini. Kama kilele chako kilikuwa lita 2.3, basi kwa mililita 25 zile zile za kila mwaka unafika 70 ukiwa na lita 1.3. Wagonjwa hawa wawili watakaa benchi moja, watahema namna moja, na wataandikiwa neno moja. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kufuatilia watu wa Marekani na Denmark kwa miaka mingi, wakaonyesha kwamba takriban nusu ya waliopata ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa walikuwa wameifuata njia hiyo ya pili: walianza na akiba ndogo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, picha iliyotawala ilikuwa ya mvutaji sigara anayeporomoka.

Kwetu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu huku magharibi mwa Kenya akiba hiyo huguswa mapema sana. Huguswa tumboni, mama anapougua malaria mjamzito na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Huguswa na nimonia ya utotoni. Huguswa mgongoni, mtoto anapobebwa kwa leso mama akiinamia mafiga. Mtoto hapotezi pumzi wakati huo kwa namna ambayo mtu ataiona. Anachopoteza ni urefu wa ngazi ambayo angeipanda. Kenya ilipoanza kuwapa watoto chanjo ya nyumokoka, bakteria mmojawapo mkuu wa nimonia, mwaka 2011, wengi waliihesabu kuwa chanjo ya kuokoa maisha ya mtoto, na ndivyo ilivyo. Naiona pia kama chanjo ya wazee wa mwaka 2075.

Shangazi alizaliwa kabla ya hayo yote, kijijini, katika nyumba ambayo jiko lilikuwa ndani na koroboi ilikuwa taa. Alipoolewa akaja mjini, akaingia Obunga.

Asiyeijua Obunga na aelewe kwamba ni mtaa ambako mgongo wazi hukaangwa. Viwanda vya samaki huchukua minofu ya mbuta na kuiuza ng'ambo. Kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyong'ang'ania mifupa, huuzwa kwa akina mama, ambao huyaanika, huyakaanga na kuyauza kwa watu ambao mnofu hawaumudu. Kukaanga kunafanyika kwenye karai kubwa juu ya moto wa kuni, chini ya mabati yaliyoezekwa chini ili mvua isiingie kwenye mafuta. Moshi wa kuni unapanda, mvuke wa mafuta unapanda nao, vyote vinagonga bati na kurudi usoni. Shangazi alifanya kazi hiyo miaka 34. Alisomesha watoto watano kwa karai hilo. Siwezi kamwe kuizungumzia kazi ile kama uzembe wake.

Moshi wa kuni una chembe ndogo sana. Zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni nyembamba kiasi kwamba karibu thelathini zingepangika kwenye upana wa unywele mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hewa ya siku nzima isizidi mikrogramu 15 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo. Katika majiko ya kuni yaliyofungwa hupimwa mamia, na moto ukiwa umekolea hupita elfu. Chembe zikifika kule chini, mwili huziona kama adui, hupeleka askari wake, na vita hivyo visivyokwisha ndivyo huviza na kuunenepesha ukuta wa mirija midogo mpaka hewa ikakosa njia ya kutokea. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Moshi wetu huu tunaunusa kwenye nguo kila jioni.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zilipikia kuni. Ndiyo maana nasikitika nikiona mgonjwa mwanamke akiulizwa kwanza, na mara nyingi pekee, "Unavuta sigara?" Akijibu hapana, mlango unafungwa. Sigara ni mwizi mkubwa, sibishani na hilo. Ila wanaovuta kwetu ni wanaume kwa sehemu kubwa sana, na mwanamke aliyepuliza moto tangu akiwa na miaka saba anatoka kwenye chumba cha daktari bila mtu kuugusa ukweli huo.

Watu hupenda kusema suluhisho ni gesi. Ni kweli, na si rahisi hivyo. Makaa hununuliwa kwa mkebe, kulingana na pesa ya siku. Mtungi wa gesi hujazwa kwa mkupuo mmoja. Nyumba nyingi ninazozijua Manyatta na Nyalenda zina mtungi, lakini gesi ni ya chai na ya kupasha maziwa ya mtoto. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yanayochemshwa kwa muda wa saa tatu, haiwezi kuchemkia hapo. Kisha kuna sera. Julai 2021 serikali iliirudishia gesi ya kupikia kodi ya VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikaishusha hadi 8, na mwaka 2023 ikaiondoa. Nyumba iliyorudi kwenye kuni mwaka 2021 haikurudi kwenye gesi siku ile kodi ilipoondolewa, maana tabia ya jikoni haifuati tarehe za bajeti. Na tuseme ukweli mwingine ambao wataalamu huupita: moshi una faida zake. Hufukuza mbu katika nchi ya malaria, hukausha mahindi darini, hulinda nyasi za paa dhidi ya wadudu. Anayemwambia nyanya wa Nyando aondoe moshi bila kumpa chandarua na mahali pa kuhifadhi nafaka hajamsikiliza.

Kwenye daftari la shangazi, kurasa za nyuma kabisa, kuna jambo lingine. Mwaka 1998 aliugua TB. Alimeza dawa zote, akaambiwa amepona, na kweli alipona: viini vilikufa. Ila mapafu hayakurudi yalivyokuwa. TB inapopita huacha makovu, mashimo, na mirija iliyotanuka ikawa dimbwi la makohozi. Utafiti mkubwa wa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta upungufu wa kudumu wa pumzi kwa karibu asilimia 18 ya waliougua TB mara moja, asilimia 27 ya walioiugua mara mbili, na asilimia 35 ya walioiugua mara tatu au zaidi. Hasara kubwa hutokea katika miezi ya mwanzo ya ugonjwa. Kila wiki ambayo mtu anakohoa akinywa dawa za dukani anailipia baadaye, akiwa mzee.

Hapa naona pengo kubwa kuliko yote katika mfumo wetu. Nchi hii imefanya kazi ya kusifika: dawa za TB ni bure, makohozi yanapimwa, mgonjwa hufuatiliwa mpaka kidonge cha mwisho. Siku ya kidonge cha mwisho ndiyo siku ya kumsahau. Katika kaunti za ukanda wa ziwa, ambako TB na virusi vya Ukimwi vimetembea pamoja kwa miongo minne, tuna kizazi kizima ambacho dawa zimekifikisha kwenye uzee, na tunapaswa kushukuru. Virusi vyenyewe vimehusishwa na mapafu kuchakaa mapema. Watu hawa sasa wana miaka 55, 60, 65. Wanaanza kuhema. Wanaambiwa ni umri.

Kazi nazo zina hesabu yao. Wanaosaga mawe ya dhahabu Kakamega na Migori hupumua vumbi la silika, ambalo huacha makovu yanayoendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi, na humfungulia TB mlango. Anayeponda kokoto kando ya barabara, anayeendesha mashine ya posho akitoka mweupe kama aliyepakwa chokaa, anayechomelea jua kali bila barakoa, kila mmoja ana mwizi wake. Hatuna desturi ya kumuuliza mzee alifanya kazi gani. Tunamuuliza anaumwa wapi.

Jambo moja dogo kwa wakazi wa Nakuru. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila pumzi mtu huvuta oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Kijana haioni tofauti. Mzee mwenye akiba ndogo anayesafiri kutoka ziwani kupitia Mau Summit kwenda kumtembelea mwanawe anaweza kuiona vizuri sana, na asichukuliwe kuwa analalamika tu.

Nirudi kwenye kupima, maana pana historia ambayo kila Mwafrika anapaswa kuijua. Kifaa cha kupimia pumzi, spairomita, kilibuniwa na daktari Mwingereza John Hutchinson, aliyechapisha kazi yake mwaka 1846 baada ya kupima watu zaidi ya 2,000. Miaka michache baadaye, kusini mwa Marekani, daktari aliyeitwa Samuel Cartwright alikichukua kifaa hicho na kudai kwamba watu weusi wana mapafu dhaifu kwa maumbile, na kwamba utumwa unawafaa. Wazo kwamba mapafu yetu ni madogo kwa asili halikufa pamoja naye. Liliingia kwenye mashine: kwa miongo mingi programu za spairomita zilipunguza kiwango cha "kawaida" kwa mtu mweusi kwa asilimia 10 hadi 15. Maana yake ni kwamba mtu aliyepoteza pumzi kwa nimonia, moshi na njaa angeweza kupuliza mashine, nayo ikamwambia yuko sawa kwa watu wa rangi yake. Ni mwaka 2023 tu ambapo American Thoracic Society, chama cha wataalamu wa mapafu cha Marekani, ilipendekeza rangi iondolewe kwenye hesabu hiyo. Kusema "ni uzee" na kusema "ni asili yake" ni makosa ya ukoo mmoja. Yote mawili huchukua jeraha lililosababishwa na kitu, yakaliita maumbile, na aliyejeruhiwa akanyamazishwa.

Wapo watakaoniuliza: hata tukijua, mtu wa miaka 67 atafaidika na nini? Mapafu yaliyochakaa hayarudi. Hayarudi, ni kweli. Lakini kasi ya kushuka hubadilika. Watafiti Fletcher na Peto, waliofuatilia wanaume wa London katika miaka ya 1960, walionyesha mwaka 1977 kwamba mvutaji anayeacha sigara hapati tena alichopoteza, ila mteremko wake hurudi karibu na ule wa kawaida. Utafiti wa baadaye wa Amerika Kaskazini ulikuta walioacha kabisa wakipoteza takriban mililita 31 kwa mwaka na walioendelea wakipoteza 62. Kuhusu moshi wa jikoni, vijiji vya kusini mwa China vilivyofuatiliwa kwa miaka 9 vilionyesha kwamba waliohamia gesi ya samadi au waliotoboa njia za kutolea moshi walishuka polepole zaidi kuliko wenzao.

Piga hesabu na shangazi. Ukimpunguzia hasara kwa mililita 20 tu kwa mwaka, akifika miaka 82 atakuwa ameokoa mililita 300. Kwa mtu mwenye lita 5 hizo ni kitu kidogo. Kwa aliyebaki na lita 1.2 ni robo ya alichonacho. Robo hiyo ndiyo kwenda kanisani kwa miguu au kubebwa, kuoga mwenyewe au kuogeshwa na mjukuu. Na juu ya hapo kuna inhela kwa wale ambao mirija yao hufunguka wakiipata, kuna chanjo ya mafua, kuna mazoezi ya kutembea na kupumua yanayompa nguvu hata mtu ambaye kipimo chake hakijabadilika. Kuna pia wale ambao wakichunguzwa inagundulika kwamba tatizo ni moyo uliochoka au upungufu wa damu, mambo yenye tiba yake, na ambayo yangepotea chini ya neno lile lile.

Sidai kila zahanati ipate spairomita kesho. Ingefaa, lakini kinachohitajika kwanza hakina bei. Ni maswali matatu: ulipikia nini na kwa miaka mingapi, ulifanya kazi gani, uliwahi kuugua TB au nimonia kali? Mhudumu wa afya ya jamii anayekuja mlangoni kupima presha na sukari anaweza kuyauliza akiwa amesimama. Na siku mtu anapomaliza dawa za TB, apulizishwe kipimo kabla hajapewa mkono wa kwaheri, ili tujue anaondoka na akiba gani.

Mwezi wa pili tulimpeleka shangazi kwenye hospitali kubwa zaidi. Alipuliza mara nne, mara ya kwanza akacheka kwa aibu na kulazimika kurudia. Kipimo kilionyesha njia za hewa zimeziba, na kwamba zinafunguka kidogo kwa dawa. Karai amemwachia binti yake, na kabla ya kumwachia tuliondoa mabati ya pande tatu za kibanda na kuinua paa kwa futi tatu. Mvua inapopiga kutoka ziwani wanalowa. Siku nyingine huacha kukaanga.

Bado anasimama njiani kutoka steji, mara moja, wakati mwingine mbili. Daftari ni lile lile. Ukurasa wa mwaka jana haujafutwa, neno liko palepale. Chini yake kijana aliyempima ameongeza, kwa kalamu ya bluu: moshi wa kuni, miaka 34, TB, 1998.